Magari ya Zamani na Familia, Sehemu ya 4: Shokapu

Mama zangu, Safari Rally ya 1963 ilianza na magari 84. Yaliyomaliza ni 7 tu, na Peugeot 404 ikashinda. Ndo maana mwenye 404 ya babu haitupi hovyo.

Springi hubeba uzito, shokapu huituliza kwa oili inayopenya kwenye vitundu vidogo. Sili zikichoka, oili inavuja, tairi linadunda badala ya kushika barabara. Shokapu orijino zimeadimika. Kama inafunguka, fundi mzuri huisafisha, huweka sili na oili mpya.

Desemba mkipanda Machame au Marangu, kandamiza kona ya gari, achia. Likiendelea kunesa, msiteremke na watoto kabla fundi hajaliangalia. Mtagini baba watoto.