Dola 26 na Senti 50: Historia ya Mfuko wa Elimu Uliofika Hadi Ngara



Harambee bila historia ni kama safari ya mtu asiyejua alikotoka. Mwaka huu tumeona tuwaletee historia ya watu wa mbali, waliounda klabu ya kusaidia jamii na baadaye mfuko wa kusomesha vijana. Historia hiyo iliwahi kupita mlangoni kwetu, na wengi wetu hatukujua.

Tuanzie nyumbani. Aliyekuwa Ngara mwishoni mwa Aprili 1994 hahitaji kukumbushwa. Katika muda wa saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, magodoro kichwani na watoto mgongoni. Benaco, mahali palipopata jina kutokana na kampuni iliyojenga barabara, pakawa mji wa mahema. Tuliona vilima vikibaki bila miti kwa sababu ya kuni. Tuliona pia malori ya chakula, matangi ya maji na bendera za UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi.

Mkuu wa shirika hilo alikuwa mama wa Kijapani, Sadako Ogata. Alilishika tangu 1991 hadi 2000, na alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa kazi hiyo. Ni wachache kati yetu wanaojua alivyosoma. Mwaka 1951, nchi yake ikiwa bado inajikongoja baada ya vita, alipata ufadhili wa Rotary na kwenda Chuo Kikuu cha Georgetown, mjini Washington, kusomea uhusiano wa kimataifa. Waliochangia ufadhili huo hawakuwa wafalme. Walikuwa wenye maduka, mawakili, madaktari na wahandisi, watu wa kukutana kila wiki, kula pamoja na kuchangishana. Hawakuijua Rusumo. Hawakujua kwamba miaka 43 baadaye binti waliyemsomesha angebeba mzigo uliofika kwetu.

Walianza wanne

Rotary ilianza Chicago, Marekani, tarehe 23 Februari 1905. Mwanzilishi wake, Paul Harris, alikuwa wakili aliyelelewa katika mji mdogo wa Wallingford, jimbo la Vermont. Alipofika Chicago alipata kazi, lakini hakupata watu. Kila aliyetoka kijijini akapanga chumba Dar es Salaam au Mwanza anaujua upweke wa namna hiyo: majirani wengi, wa kukujulia hali hakuna.

Harris aliwaita watu watatu: Gustavus Loehr, mhandisi wa madini; Silvester Schiele, mfanyabiashara wa makaa ya mawe; na Hiram Shorey, fundi cherehani. Walikutana katika ofisi ya Loehr. Baadaye wakawa wanakutana kwa zamu, leo ofisini kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, na ndipo likapatikana jina Rotary, lenye maana ya kuzunguka.

Tusiwapambe. Mwanzoni nia yao ilikuwa urafiki na biashara, kila mmoja akinunua kwa mwenzake. Kazi yao ya kwanza kwa jamii ilikuja 1907, walipohimiza ujenzi wa vyoo vya umma katikati ya jiji. Si kazi ya kuimbiwa ngoma, lakini kila mpita njia aliiona na kuitumia. Mwaka 1908 klabu ya pili ikaanzishwa San Francisco, na kufikia 1910 klabu zilikuwa 16.

Mfuko uliosubiri miaka thelathini

Mwaka 1917, aliyekuwa rais wa Rotary, Arch Klumph wa Cleveland, alisimama mbele ya mkutano mkuu mjini Atlanta akapendekeza uanzishwe mfuko wa akiba kwa ajili ya kutenda mema duniani. Wazo lilikubaliwa. Mwaka uliofuata likaja toleo la kwanza, kutoka klabu ya Kansas City: dola 26 na senti 50.

Fikirini hilo. Umma mzima umepiga makofi, na kinachoingia ni dola 26. Sisi tunaozijua harambee tunalijua jambo hili: ahadi hujaza ukumbi, fedha hujaza kiganja. Miaka kumi baadaye, mwaka 1928, mfuko ulikuwa umepita dola 5,000 kidogo tu. Baadaye ukaja mdororo wa uchumi, kisha vita kuu ya pili. Kwa karibu miaka thelathini mfuko haukuwa kitu cha kutangazwa.

Hata hivyo walifanya mambo mawili ya busara. Hawakuufunga, na hawakuula. Mwaka 1928 waliupa jina lake rasmi, Rotary Foundation, na kuuwekea wadhamini watano wa kuulinda, mwenyekiti wao akiwa Klumph mwenyewe.

Paul Harris alifariki tarehe 27 Januari 1947. Alikuwa ameacha neno kwamba watakaotaka kumkumbuka wasilete maua, bali wachangie mfuko. Wanachama duniani kote walitoa, na ndani ya miezi 18 zikapatikana dola zaidi ya milioni 1.3. Mwaka huohuo wa msiba wakapatikana wanafunzi wa kwanza wa ufadhili, 18 kwa idadi, wa kwenda kusoma nje ya nchi zao. Miaka minne baadaye akafuata Sadako Ogata.

Fedha za rambirambi zilipata pa kuingia kwa sababu chombo kilikuwepo, kina jina, kina wadhamini na kina hesabu. Kama mfuko ungekuwa umevunjwa kwa kuonekana mdogo, michango ile ingeishia kwenye maua.

Kanuni ya ndugu

Rotary waliweka kanuni moja ambayo chama kama chetu hakina budi kuitazama. Mwanachama hawezi kupewa ufadhili huo, wala mke au mume wake, wala watoto wake, wala wajukuu. Unachangia mtoto wa mwingine, basi.

Kwetu kanuni hiyo haiwezi kunakiliwa ilivyo. Katika chama cha watu wa nyumbani, nani si ndugu wa nani? Tukiwaondoa wote wenye shangazi au mjomba kwenye daftari la wanachama, tutabaki na fedha bila wanafunzi. Lakini maneno tunayoyasikia vijiweni, kwamba mifuko ya vyama ni ya watoto wa wakubwa, hayaondoki kwa kukasirika. Yanaondoka kwa utaratibu. Mjumbe mwenye ndugu katika orodha ya waombaji atoke chumbani jina hilo likijadiliwa. Majina ya waliopata, shule zao na kiasi kilicholipwa yabandikwe kwenye mbao za matangazo za kata zetu, ili hata bibi asiye na simu amwombe mjukuu amsomee.

Dola moja kwa kila mtu

Si kila mfuko wa masomo ulianzia kwa wafanyabiashara wa jiji kubwa. Fall River, katika jimbo la Massachusetts, ulikuwa mji wa viwanda vya nguo, na viwanda hivyo vilikuwa vimekufa kimoja baada ya kingine. Mwaka 1958 mtaalamu wa macho wa mji huo, Irving Fradin, aliwaomba wenzake jambo moja: kila mtu atoe dola moja ili vijana wa hapo waende chuo. Zilipatikana dola 4,500, na vijana 24 wakasaidiwa. Mpango huo uliitwa Dollars for Scholars, na miji mingine ikauiga.

Nguvu ya mpango huo ilikuwa udogo wa kiasi. Mtu akiombwa dola mia anaweza kusema hana. Akiombwa moja, anatoa. Na akishatoa, mfuko ni wake: atauliza nani amepata, amefaulu vipi, mwaka ujao tunaanza lini. Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Sisi tumezoea kulitumia neno hilo kuhesabu fedha. Fall River wanatufundisha kulitumia pia kuhesabu watu.

Mlango uliofunguliwa kwa shida

Klabu hufa kama shamba la migomba lisilopandwa machipukizi. Rotary nayo ilikaribia kujifungia. Kwa zaidi ya miaka 70 iliandikisha wanaume peke yao. Mwishoni mwa miaka ya 1970, klabu ndogo ya Duarte, California, iliyokuwa imepungukiwa wanachama, iliwapokea wanawake watatu. Ikafukuzwa. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na tarehe 4 Mei 1987 majaji wakaamua kwamba jimbo lina haki ya kuzuia ubaguzi huo. Mwaka 1989 Rotary ikaibadili kanuni yake kwa dunia nzima. Mwaka 2022 ikampata rais wake wa kwanza mwanamke, Jennifer Jones wa Kanada. Chama kilichokuwa kikilipia masomo ya wasichana kama Ogata kilikuwa kikiwafungia mlango wa uanachama.

Huku kwetu Afrika Mashariki klabu ya kwanza ilianzishwa Nairobi mwaka 1930, ya Dar es Salaam 1949 na ya Kampala 1957. Zilianza zikiwa klabu za watu wachache wa mijini. Anayefaa kutazamwa katika kuzikuza ni Sam Owori wa Kampala, ambaye alikuwa kiongozi wa wilaya ya Rotary katika miaka ya 1980. Tangu wakati huo klabu za Uganda ziliongezeka kutoka 9 hadi 89. Alichaguliwa awe rais wa Rotary duniani kwa mwaka 2018, lakini alifariki Julai 2017 kabla ya kuapishwa. Leo Chuo Kikuu cha Makerere kina kituo cha masomo ya amani kinachofadhiliwa na Rotary, cha kwanza barani Afrika, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2021. Mto umeanza kumwagilia karibu na chemchemi mpya.

Na sisi?

Kuna wanaouliza: kwa nini tuchange, wakati serikali imefuta ada? Ni kweli. Tangu Januari 2016 elimu hadi kidato cha nne haina ada, na kuanzia 2022 kidato cha tano na cha sita vimefuata. Bodi ya Mikopo imekuwa ikiwakopesha wanafunzi wa elimu ya juu tangu 2005. Tunashukuru. Lakini mwalimu yeyote wa Ngara atakuambia kinachomrudisha mtoto nyumbani: sare, viatu, godoro la bweni, nauli ya kutoka Rulenge au Kabanga hadi shule aliyopangiwa mkoa mwingine, na chakula cha mchana. Barua ya kujiunga kidato cha tano ina orodha ndefu, na katika nyumba nyingi huwekwa juu ya kabati ikabaki hapo. Mtoto amefaulu, ada haipo, na bado haendi. Pengo hilo ndilo linaloujaza mfuko wetu kazi.

Tuseme na lililo gumu. Tazama mikono inayotoa katika vikao vyetu: ni ileile kila mwaka, na nywele zinazidi kuwa nyeupe. Vijana wetu walioko Dar es Salaam na Mwanza wanatuma fedha nyumbani kila mwezi kwa simu, si wachoyo. Hawaji kwetu kwa sababu kikao chetu kinaanza saa tatu baada ya muda uliotangazwa, kwa sababu mgeni rasmi ndiye anayesema peke yake, na kwa sababu hawajaona mwanafunzi hata mmoja akisimama kueleza mchango ulimfikisha wapi.

Kwa hiyo harambee ya mwaka huu ina maombi matatu. La kwanza, sehemu ya kila mchango iwekwe akiba isiyoguswa, hata ikiwa ndogo kama zile dola 26 na senti 50. La pili, kila mwanachama alete mwanachama mpya mmoja, mwanamke au kijana, na kiingilio kiwe kiasi ambacho mwendesha bodaboda anaweza kukitoa bila kukopa. La tatu, kila tuliyemsomesha aandikwe kuwa mwanachama siku anapomaliza masomo. Tusimdai deni, tumpe daftari naye awatafute wadogo zake.

Waliotoa kwa ajili ya binti wa Tokyo hawakupata faida yoyote mfukoni. Faida, kama ipo, ilishuka kwenye lori pale Benaco, kwa watu ambao hawakuwahi kuwaona. Mtoto wa jirani yako unayemchangia leo naye hujui atasimama daraja gani.

Karibuni tuchange. Mungu ibariki Ngara.