Kipenu si banda

Kipenu ni kijengo kinachoegemezwa kwenye ukuta wa nyumba na kuezekwa kwa mteremko wa upande mmoja. Banda husimama peke yake. Tofauti hiyo hubadili hesabu ya fundi: kipenu huhitaji nguzo za mbele tu, kwa kuwa nyuma boriti hukaa ukutani, ilhali banda huhitaji nguzo pande zote. Pwani ya Afrika Mashariki, fito hufungwa juu ya boriti za mikoko, kisha makuti hupangwa kuanzia chini kwenda juu, kila safu ikilalia iliyo chini yake, ili mvua iteremke bila kupenya. Upenu, neno linalokaribiana na kipenu, ni ukingo wa paa unaotokeza nje ya ukuta. Anayetaka kipenu akaagiza banda, asimlaumu fundi.