Nani Anasema Sasa?

Ukitazama picha ya Kichina iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, kwenye kioo wapo wawili lakini wanaosema ni watatu. Stelingi anauliza, adui anajibu, halafu sauti ya mtu asiyeonekana inadakia: "Sasa hapa jamaa anamwambia, wewe ndiye uliyemuua mwalimu wangu!" Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994, kwa hiyo kabla ya hapo watu wa Musoma na Bunda waliotaka picha walikwenda kubanana kwenye kibanda cha video. Mimi nasema historia ya maongezi ya picha hapa kwetu ni historia ya huyo mtu wa tatu, mgawaji wa zamu za kusema.

Ni mtu wa zamani kuliko video. Mwaka 1935 Waingereza walianzisha mradi wa sinema huko Vugiri, kwenye milima ya Usambara, ukadumu hadi 1937. Walipiga picha zaidi ya thelathini za kufundisha wananchi kilimo, afya na mambo kama hayo. Mikanda yenyewe ilikuwa bubu. Sauti iliwekwa kwenye sahani za santuri, na ukitaka lugha nyingine unabadili sahani. Waigizaji walikuwa Waafrika, lakini kwa sehemu kubwa aliyesema alikuwa msimulizi. Wao walionyesha vitendo tu. Tajiri wa maneno hakuwa kwenye picha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zikaja picha ambamo Waswahili wanasemezana wenyewe kwa wenyewe. Katika Muhogo Mchungu alicheza kijana mmoja, Rashidi Mfaume Kawawa. Januari 1962 Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, alijiuzulu uwaziri mkuu na nafasi ile akaishika huyo huyo Kawawa. Yaani mcheza sinema akapewa zamu ya kuisemea nchi! Hilo halikutokea kwingi.

Mwalimu naye alikuwa mtafsiri, tena wa Shakespeare. Julius Caezar ilitoka 1963, na Mabepari wa Venisi 1969. Fungua kitabu chochote cha tamthilia: jina la msemaji, kisha maneno yake, kisha jina la mwingine. Zamu zimepangwa kama foleni ya kituo cha afya. Sasa sisi vijana tunaojifunza kuandika tunaiga foleni hiyo hadi kwenye riwaya, kila mhusika anamaliza sentensi yake na mwenzake anangoja kwa adabu. Mwaka 1974 wataalamu watatu wa Marekani, Sacks, Schegloff na Jefferson, walichapisha uchunguzi wa maongezi ya kawaida. Waliona kwamba mara nyingi kweli husema mmoja mmoja, lakini hakuna aliyepanga. Watu wanagawana zamu papo hapo, na kugongana kupo ila ni kwa muda mfupi. Nenda stendi ya Bunda uone wapiga debe watatu wanavyomsemesha abiria mmoja, na yeye anawajibu wote. Halafu nenda Butiama, ukae mbele ya wazee, ujaribu kudakia.

Turudi kwa mtafsiri wa video. Aliyevuma zaidi katika kazi hiyo Dar es Salaam ni Derek Gaspar Mukandala, yule Lufufu. Kazi yenyewe ni ngumu, bwana. Mtafsiri hana nafasi aliyotengewa; anapenya pale mchezaji anapovuta pumzi. Ngumi zikianza ana nafasi tele, ndiyo maana wakati wa ngumi utamsikia akitaja ukoo wa adui na kuchombeza utani. Lakini maongezi yakipamba moto, watu wanne wanarushiana maneno, hawezi kuwabeba wote kwa mdomo mmoja. Lazima amwache mtu. Kwa kusikia kwangu, anayeachwa mara nyingi ni mwanamke: anafoka dakika nzima, mtafsiri anasema, "Mama hapo amekasirika," basi. Hapo ndipo ninapogombana naye.

Lakini kuna kitu anakiongeza ambacho hakimo katika maneno ya Kizungu yaliyoandikwa chini ya kioo. Mwanafunzi wa kung-fu akiinama mbele ya mwalimu wake, mtafsiri anamwekea "Shikamoo mzee." Hapo zamu inakuwa deni. Kwa Kiswahili shikamoo haiachwi ikining'inia. Mwenziwe ni marahaba, na marahaba isipokuja kuna jambo. Wengi wanazicheka filamu zetu za Bongo, tangu enzi ya Girlfriend ya 2003, eti wanabisha hodi mpaka usingizi unakuchukua. Wana haki kidogo. Ila mwandishi aliyeifuta salamu yote amejinyima silaha. Kijana anaingia, anasema shikamoo, mzee anaendelea kukata kucha zake. Kibanda kizima kimeshajua ugomvi umeanza, na mtafsiri hajafungua mdomo.