Mahindi Yale Yale, Kontena Jingine

Ndugu msomaji, usicheke. Najua kwamba ukiona neno "historia" unategemea kusoma habari za wafalme, vita na majahazi. Mimi leo nataka kuandika historia ya faili lililokataa kucheza. Sisi tuliozaliwa mwishoni mwa miaka ya tisini tumekua na flashi mfukoni, na mambo haya tusipoyaandika sisi wenyewe, nani atayaandika? Maprofesa wana kazi zao.

Tuanze mwaka 2000. Mwezi Machi mwaka huo kampuni ya Sony ilitoa PlayStation 2 huko Japani, na mashine ile ilicheza DVD. Hapo ndipo watu wengi walipoanza kuzoea kwamba mashine ya gemu inaweza pia kuwa sinema ya nyumbani. Lakini picha ya DVD ilikuwa ndogo. Kwa nchi zinazotumia mfumo wa PAL, kama yetu, ilikuwa na nukta 720 kwa 576. Picha ya HD kamili ina nukta 1920 kwa 1080. Chukua kikokotoo uzidishe: ya kwanza ni 414,720, ya pili ni 2,073,600. Mara tano! Mtu aliyezoea kubeba debe moja sasa anatwishwa madebe matano kwa mpigo.

Wajanja wa kwanza kulishughulikia jambo hili walikuwa vijana walioichokonoa Xbox ya Microsoft, ile iliyotoka mwaka 2001. Waliibadilisha mashine ili ikubali programu ambazo kampuni haikuziruhusu, kisha wakaitengenezea programu ya kuchezea muziki na filamu iliyoitwa XBMC. Hiyo X ni ya Xbox. Tangu mwaka 2014 programu hiyo inaitwa Kodi, na leo wengi wanaoitumia kwenye luninga zao hawajui kabisa kwamba ilizaliwa ndani ya mashine ya gemu. Lakini Xbox ile ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 64 tu, kwa hiyo HD kamili ilikuwa mzigo wa kuivunja mgongo.

Mwaka 2005 ikaja Xbox 360, na mwaka 2006 PlayStation 3. Hizi sasa zilikuwa na nguvu. PlayStation 3 ilikuja na diski za Blu-ray ndani yake, Xbox 360 ikauziwa kando chombo cha HD DVD, na makampuni yakapigana kumbo mpaka Februari 2008, Toshiba iliponyoosha mikono na kuiacha HD DVD. Vita hiyo magazeti yaliiandika sana. Mimi naipita, kwa sababu vita iliyowahusu watu wa mitaani ilikuwa nyingine kabisa.

Ili uielewe, twende bandarini. Ukisimama Kurasini utaona makontena yamepangana. Kontena si mzigo. Mzigo ni mahindi, au mitumba, au vipuri, na kontena ni bati linalobeba. Mzigo ule ule unaweza kuutoa katika kontena la bluu ukautia katika jekundu, na hakuna punje itakayobadilika. Faili la video ni hivyo hivyo. Ndani mna picha iliyobanwa kwa kanuni fulani, na kwa HD ya miaka ile kanuni iliyotawala ilikuwa H.264, iliyopitishwa mwaka 2003. Mna sauti pia, nayo imebanwa kwa kanuni yake. Halafu nje kuna kontena: MP4, AVI, au lile linaloitwa MKV.

Hilo MKV jina lake kamili ni Matroska. Mradi wake ulianza Desemba 2002, na jina limetokana na wale wanasesere wa Kirusi wanaoingia mmoja tumboni mwa mwenzake. Jina limekaa mahali pake, maana Matroska lilibeba kila kitu: picha, sauti za lugha tatu nne, maandishi ya chini, hata orodha ya sura kama kitabu. Tena lilikuwa la bure, halina mwenyewe wa kudai ushuru. Ndiyo sababu filamu za HD zilizozagaa duniani zilivaa Matroska.

Na PlayStation 3 ikalikataa Matroska. Xbox 360 nayo ikalikataa.

Sasa angalia maajabu. Picha iliyomo ndani ilikuwa H.264, ambayo PlayStation 3 iliijua vizuri, kwani diski nyingi za Blu-ray zimebanwa kwa kanuni hiyo hiyo. Ukiitoa picha ile katika MKV, bila kuigusa, ukaitia katika kontena la m2ts linalotumiwa na Blu-ray, mashine inacheza bila kinyongo. Yaani mlinzi getini hakukataa mahindi. Alikataa rangi ya kontena.

Sitaki kujifanya malaika. Mafaili mengi ya MKV yalikuwa filamu za wizi, na sisi huku tuliziingiza kwenye flashi vibandani kama karanga. Lakini kontena halina dhambi. Video ya harusi nayo huingia humo.

Watu wa kawaida walifanyaje? Wengi walipika upya. Kupika upya maana yake programu inaifungua picha yote, nukta kwa nukta, kisha inaibana tena kwa kanuni ambayo mashine inaikubali. Desemba 2007 makampuni yote mawili yaliziongezea mashine zao uwezo wa kucheza video za DivX, basi watu wakapika H.264 kuwa DivX, kompyuta ikinguruma usiku kucha. Na kila unapopika, kitu kinapotea. Ni kama kutoa fotokopi ya fotokopi: maneno bado yanasomeka, lakini zile nywele nyembamba za wino hazirudi tena.

Wachache walioelewa mambo walihamisha kontena tu. Kulikuwa na programu ya tsMuxeR, na nyingine ndogo iliyoitwa mkv2vob, iliyofanywa kwa ajili ya PlayStation 3. Kazi ya dakika chache, picha haiguswi. Ikiwa sauti ndiyo yenye kasoro, unapika sauti peke yake. Na kulikuwa na hila nyingine inayonichekesha mpaka leo. Kila picha ya H.264 hubeba namba ya kiwango, na mashine hizi mwisho wake ni kiwango cha 4.1. Mafaili kadhaa yaliandikwa 5.1 wakati picha yenyewe haikuzidi 4.1. Basi wajanja wakatengeneza programu ya kufuta namba na kuandika nyingine. Lebo ikabadilika, na mlinzi akafungua geti!

Xbox 360 ilikuwa na ukali wake. Tangu mwaka 2007 ilikubali H.264, lakini isizidi megabiti 10 kwa sekunde, na sauti iwe AAC ya spika mbili. Filamu yenye sauti ya kuzunguka chumba kizima ilibidi ikunjwe. PlayStation 3 nayo ilisoma flashi za mfumo wa FAT32 tu, ambao hauruhusu faili moja kufika gigabaiti 4 kamili kwa hesabu ya kompyuta. Filamu ya saa mbili kwa megabiti 5 kwa sekunde tu inafika gigabaiti 4.5. Ndiyo maana mafaili yalikatwa vipande: sehemu ya kwanza, sehemu ya pili, na katikati ya busu unanyanyuka kutafuta rimoti.

Mwaka 2012 dada yangu alifanyiwa sendofu. Mpiga video alikuwa na kamera ya HD, akatukabidhi faili moja la MKV, la gigabaiti 8, kwenye diski. Halikucheza kwenye mashine ya gemu ya shemeji. Likapelekwa kwa ofisi moja ya video mjini, sitaitaja. Likarudi AVI ya megabaiti 700. Lilicheza, tena tulipiga makofi. Lakini wale jamaa, ili wapate nafasi kwenye diski, walilifuta faili la mwanzo. Bibi yetu yumo mle, anamfunga dada khanga na kumnong'oneza jambo. Bibi alifariki mwaka 2015. Leo ukiitazama sehemu ile kwenye luninga kubwa, uso wake ni vigae. Macho yapo, mdomo upo, mikunjo yote imefutika. Mwanamke aliyefikisha miaka sabini na tisa amekuwa laini kama sahani. Na faili lile, jamani, halikuhitaji kupikwa hata kidogo! Lilihitaji kontena jingine na kukatwa vipande viwili.

Ndiyo maana mimi, mtu wa kidato cha nne mwenye riwaya iliyokwama sura ya sita, nimejifunza majina ya watu ambao hawapo katika kitabu chochote cha shule. Fabrice Bellard, Mfaransa, alianzisha FFmpeg mwaka 2000. Eric Petit alianzisha HandBrake mwaka 2003. Laurent Aimar alianzisha x264, na Loren Merritt akaiendeleza. Kazi zao walizitoa bure. HandBrake iliwafaa sana wavivu: unachagua jina la mashine yako katika orodha, inakupikia.

Mwisho wa vita ulikuwa wa ajabu. PlayStation 4 ilitoka Novemba 2013 bila uwezo wowote wa kucheza video kutoka kwenye flashi, watu wakalalamika, na Juni 2015 Sony ikaipa programu ya kuchezea. Katika orodha ya makontena yanayokubalika lilikuwemo MKV. Xbox One ilikuwa imelipokea kabla ya hapo. Miaka kumi ya kupika na kuhamisha, kumbe geti lingeweza kufunguliwa kwa mabadiliko ya programu tu.

Siku hizi nakaa kwenye kibanda cha kuingiza muvi, na bado wanakuja watu wenye PlayStation 3, kwa sababu kitu kikiwa kizima hakitupwi. Wanaleta video za ndugu zao zilizopigwa kwa simu, na simu nyingi za leo zinabana kwa H.265, kanuni ya mwaka 2013. Hapo kontena halisaidii, kwa kuwa mashine ile haiijui picha yenyewe. Lazima kupika. Lakini nikiona ndani ni H.264, naandika kwenye FFmpeg maneno mawili, "-c copy", yaani nakili tu usiguse, na kabla chai haijapoa kazi imekwisha. Faili la mwanzo namrudishia mwenyewe kwenye flashi yake, pamoja na karatasi niliyoandika kwa kalamu: hili ndilo lenyewe, usilifute.