Kulipa Kidogo Kidogo: Madeni na Ratiba Zake, kutoka Uzige hadi Mutanga Nord

Mutanga Nord ni mtaa wa Bujumbura ulio kaskazini ya mto Ntahangwa, mahali ambapo ardhi huanza kupanda kutoka tambarare ya ziwa kuelekea milimani. Ni mtaa wa nyumba za matofali, mageti ya chuma na uzio mrefu, na kwa muda mrefu umehesabiwa kuwa makazi ya watu wa mshahara: wafanyakazi wa serikali, wa mabenki, wa mashirika. Mtu wa mshahara mjini Bujumbura hujenga kwa mkopo. Kwa hiyo historia ya mtaa kama huu ni pia historia ya makato ya kila mwezi, na ya namna familia zilivyoishi kwa kile kilichobaki.

Kwingineko, aliyebanwa na makato kama hayo ametungiwa sheria yake. Ufaransa iliunda tume za kushughulikia watu waliozidiwa na madeni kwa sheria ya Desemba 1989. Ubelgiji ilifuata kwa sheria ya mwaka 1998, inayomruhusu jaji kumteua mpatanishi atakayepanga malipo ya mdaiwa kwa wadai wake wote. Burundi ilirithi sheria nyingi kutoka kwa Wabelgiji, lakini hii ilikuja wakiwa wameshaondoka. Sheria za ufilisi zilizotungwa Bujumbura mwaka 2006, na ile ya mwaka 2018, zinamhusu mfanyabiashara. Mwalimu au karani aliyekopa sehemu tatu hatajwi humo. Mpango wake wa kulipa umekuwa ukipangwa kwingine, na aliyeketi kati ya mdai na mdaiwa amebadilika kila zama.

Zamani kipimo cha deni kilikuwa ng'ombe. Katika desturi ya ubugabire, mtu asiye na mifugo alimwendea mwenye nayo akaomba ng'ombe, naye akawa mtu wake: alimpelekea pombe, akamfanyia kazi, akamuunga mkono kwenye mashauri. Ng'ombe alipozaa, ilitarajiwa aliyepewa arudishe fadhila kwa ndama, jambo ambalo Warundi huliita kwitura. Deni hili halikuwa na tarehe ya mwisho, na hapo ndipo nguvu yake ilipokuwa. Kulimaliza upesi mno kungeonekana kama kuukata uhusiano, na kutolilipa kabisa ilikuwa aibu. Zito zaidi lilikuwa ubugererwa, ambapo kilichokopwa ni ardhi ya kulima, na aliyekopa aliweza kuzeeka, na watoto wake pia, wakiwa bado chini ya mwenye shamba. Taasisi hiyo ilidumu hadi ilipofutwa na serikali ya Jean-Baptiste Bagaza mwaka 1977, miaka 15 baada ya uhuru. Mikopo michache ya benki imekuwa na muda mrefu kiasi hicho.

Madeni madogo ya majirani, ya mbegu, mbuzi, jembe au mahari iliyobaki, yalipelekwa kwa bashingantahe, wazee waliotawazwa na jamii yao baada ya kuchunguzwa kwa miaka na waliobeba fimbo iitwayo intahe. Hawa ndio waliokaribia zaidi kile ambacho leo kingeitwa ofisi ya kupanga madeni. Walisikiliza pande zote mbili hadharani, wakapima kile mdaiwa alichonacho, na shabaha yao ilikuwa kuwarudisha wawili hao katika hali ya kuweza kunywa pamoja, kwa maana halisi kabisa, kwani shauri liliambatana na pombe iliyojulikana kama agatutu k'abagabo. Desturi hiyo ya chungu cha wazee ilikuja kulaumiwa baadaye, na si bure: maskini ambaye hakuwa na ndizi za kutengeneza pombe aliona mlango wa haki ukiwa juu kidogo kuliko mwenzake. Hata hivyo wazee walikuwa na kitu ambacho benki haina. Walikaa kilima kimoja na mdaiwa, wakajua mvua imemnyesheaje shamba lake na nani mgonjwa nyumbani mwake.

Fedha iliingia kwa nguvu. Wajerumani waliweka kituo chao Usumbura, Bujumbura ya leo, mwishoni mwa karne ya 19, katika nchi ya Uzige iliyokuwa ikisumbuliwa na misafara ya wafanyabiashara wa ziwani, akiwemo Rumaliza wa Ujiji. Misafara hiyo yenyewe ilitembea kwa deni. Mfanyabiashara Tippu Tip alichukua mali kwa mabepari wa Kihindi wa Unguja kama Taria Topan na kulipa kwa pembe za ndovu alizorudi nazo baada ya miaka. Mwaka 1903, kwa mkataba wa Kiganda, mwami, yaani mfalme, Mwezi Gisabo alitozwa faini ya ng'ombe 424 na Wajerumani, na hivyo ng'ombe, aliyekuwa kifungo kati ya watu wa kilima, akageuzwa kuwa malipo kwa dola. Wabelgiji walioingia mwaka 1916 walidai kodi ya kichwa, ikori, kwa fedha taslimu. Wanaume wengi walivuka mpaka kwenda kuitafuta, wengine Uganda, wengine kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika, wakaitwa manamba. Kwa mara ya kwanza Warundi kwa maelfu walikuwa na deni lisiloweza kulipwa kwa kazi, pombe wala ndama.

Mjini, mkopo ulikaa dukani. Wahindi, Waarabu na Wagiriki wa Usumbura walitoa bidhaa kwa mali kauli kwa wachuuzi wa Buyenzi na Bwiza, na wachuuzi wakawakopesha wateja wao. Chombo cha kazi kilikuwa daftari, ikaye kwa lugha ya mtaa, lenye jina, kitu kilichochukuliwa na alama ya kulipwa. Daftari hilo bado liko kwenye vibanda vya Bujumbura. Buyenzi, mtaa wa Waislamu na wa Kiswahili, ulikuwa na nyongeza yake: dini inayokataza riba na kumtaka mdai ampe muda mdaiwa aliyekwama. Ni kweli kwamba katazo hilo halikuzuia bei ya mkopo kuwa juu kuliko bei ya taslimu. Lakini liliwapa wazee wa msikiti sauti ya kumwambia mwenye duka asubiri.

Sheria iliyoandikwa nayo ilikuwa na subira ndani yake, ingawa wachache waliijua. Kanuni za mikataba zilizotumika Burundi zilitokana na amri ya 30 Julai 1888 ya Dola Huru ya Kongo, iliyonakili fikra za sheria za Napoleon. Humo jaji aliruhusiwa, akiangalia hali ya mdaiwa na kwa tahadhari kubwa, kumpa muda wa wastani wa kulipa. Kanuni hiyo iliandikwa kwa ajili ya makampuni ya pembe na mpira, na ilikuja kuwa kimbilio la watu wasiojua hata ilikotoka. Burundi ilipojiunga mwaka 1990 na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ilikubali pia kwamba mtu asifungwe kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba.

Mshahara ndio uliobadilisha kila kitu. Mwaka 1952 Wabelgiji waliunda Office des Cités Africaines, ambayo kule Usumbura iliacha jina lake kwenye mtaa wenyewe: Ngagara bado huitwa OCAF na wakazi wa zamani. Huko Mwafrika wa mjini alipata nyumba ambayo angeilipia kwa miaka, fungu kwa fungu, kutoka kwenye ujira wake. Baada ya uhuru wa 1962 na kuzaliwa kwa faranga ya Burundi mwaka 1964, serikali iliendeleza njia hiyohiyo kwa watumishi wake. Société Immobilière Publique, iliyoundwa 1979, ilijenga na kupima viwanja. Mwaka 1989 ikaja ECOSAT kwa ajili ya viwanja na ujenzi wa gharama nafuu, na FPHU, mfuko wa makazi ya mjini uliokopesha wafanyakazi na baadaye kugeuzwa kuwa benki ya makazi. Mji ukapanda mteremko na kuvuka Ntahangwa. Mutanga Nord ni wa kizazi hicho cha mitaa, cha mtu aliyepata kazi ofisini, kiwanja, na kisha saini iliyomfunga kwa miaka 10, 15 au zaidi.

Ufundi wa mkopo huo ni rahisi na mkali. Mshahara hupitishwa benki, na benki hukata fungu lake kabla mwenye mshahara hajauona. Mdaiwa haamui kila mwezi kama atalipa, ameshalipa. Methali husema dawa ya deni ni kulipa, na mfumo huu humnywesha mgonjwa dawa akiwa usingizini. Kinachobaki kwake ni kupanga maisha kuzunguka kilichobaki, na hapo ndipo watu wa mitaa hii walipobuni mbinu ambazo hakuna benki iliyowafundisha.

Iliyo kubwa ni ya nyumba yenyewe. Kiwanja cha Bujumbura kwa kawaida kina nyumba kubwa mbele na vyumba vidogo nyuma, aneksi, vilivyokusudiwa jiko, stoo na watumishi. Familia iliyobanwa na makato ilihamia nyuma na kupangisha mbele. Mbinu hiyo ilipata msimu wake mwema kuanzia Juni 2004, kikosi cha Umoja wa Mataifa, ONUB, kilipofika, na mashirika ya kigeni yakafuata baada ya miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kodi za nyumba kwenye mitaa mizuri zilipanda, na mwenye nyumba aliyelala aneksi aliweza kumaliza mkopo kabla ya wakati au kukopa tena ajenge nyingine. Mwaka 2015 mambo yaligeuka. Maandamano ya Aprili, jaribio la mapinduzi la Mei na ghasia zilizofuata ziliondoa wageni na wenyeji wengi. Umoja wa Ulaya ulisimamisha misaada ya moja kwa moja kwa serikali mwaka 2016. Kodi zikashuka na mageti yakatundikwa mabango ya kupangisha. Aliyekopa kwa hesabu ya kodi ya 2013 alibaki na makato yaleyale. Wengine walirudi benki kuomba kile wanachokiita kwa Kifaransa rééchelonnement, yaani muda urefushwe na fungu lipunguzwe. Nafuu hiyo hupatikana, lakini riba huendelea kutembea kwa miaka iliyoongezwa, na jumla inayolipwa huwa kubwa kuliko ya awali.

Kupanda kwa bei nako kumecheza na madeni kwa njia isiyotazamiwa. Wakati wa vikwazo vya nchi jirani dhidi ya Burundi, kuanzia Julai 1996 hadi Januari 1999, na tena baada ya Benki Kuu kushusha thamani ya faranga kwa takriban asilimia 38 mwezi Mei 2023, fungu la mkopo lililoandikwa kwa faranga lilizidi kuwa jepesi mwaka hadi mwaka. Kwenye karatasi mdaiwa alipata nafuu. Sokoni, mshahara uleule ulinunua mchele, mafuta na maharage machache zaidi, na nafuu ya karatasi haikupikika.

Pengo kati ya makato na mwisho wa mwezi lilijazwa na vyombo viwili vinavyofanana kwa sura tu. Cha kwanza ni ikirimba, mchango wa mzunguko ambao ng'ambo ya ziwa, Kongo, hujulikana kama likelemba. Kila mwanachama hutoa kiasi kilekile na kila zamu mmoja hubeba chote. Kwa mdaiwa, zamu yake ni siku ya ada ya shule au ya kufuta deni la dukani kwa mpigo mmoja. Vyama vya akiba vyenye sanduku la kufuli tatu, vilivyoenezwa na shirika la CARE kwa mfano ulioanzia Niger mwaka 1991, viliongeza riba ndogo inayorudi kwa wanachama wenyewe. Pembeni mwa hivyo viko vyama rasmi vya akiba na mikopo, COOPEC, vilivyounganishwa katika shirikisho la FENACOBU mwaka 1995, pamoja na taasisi nyingine za mikopo midogo zilizowekewa kanuni kwa amri ya 22 Julai 2006.

Chombo cha pili kina jina la benki ya Brussels. Banque Lambert ya kweli iliungana na Banque de Bruxelles mwaka 1975, na hakuna tena benki ya jina hilo Ulaya. Katika nchi za Maziwa Makuu jina limebaki kumaanisha mkopeshaji wa mtaani asiye na leseni, mwenye riba inayohesabiwa kwa mwezi. Dhamana yake ni kadi ya benki na namba ya siri, au hundi iliyosainiwa tayari. Siku ya mshahara huenda yeye mashineni. Mwenye kufika kwake kwa kawaida ameshakatwa na benki, kwa hiyo mkopo huu hukaa juu ya mkopo mwingine, na ndipo hesabu huvunjika.

Yapo pia madeni ambayo hayaandikwi popote benki na ambayo familia huyalipa kwanza. Intererano, mchango wa harusi, mazishi na kumaliza matanga, hurekodiwa na kila nyumba: fulani alileta kiasi gani, naye atarudishiwa lini. Mtu huweza kumwomba meneja amwongezee miezi sita. Hawezi kumwomba jirani aliyemzikia baba yake. Kwa sababu hiyo matumizi yanayopunguzwa mwanzo huwa nyama, mafuta ya gari na nguo, na mchango ndio wa mwisho kuguswa. Mshauri wa madeni wa Ulaya angeufuta kwenye orodha siku ya kwanza, na angekosea, kwa sababu mchango huo ndio bima pekee ambayo nyumba nyingi zinayo.

Dola yenyewe imepitia njia hiyohiyo. Chini ya mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa, Burundi ilikubaliwa Agosti 2005 na kufika mwisho wa mpango Januari 2009, baada ya kutekeleza masharti ya IMF na Benki ya Dunia kwa zaidi ya miaka mitatu. Sehemu kubwa ya deni lake la nje ikafutwa. Kwa raia hakukuwa na daraja la namna hiyo. Bashingantahe waliondolewa kwenye sheria ya tarafa ya mwaka 2010, kisha sheria ya mwaka 2021 ikarudisha baraza la wazee wa kilima na mtaa kama hatua ya kwanza ya mashauri madogo. Deni la jirani, la duka au la ikirimba linaweza kufikishwa huko na kupangiwa mafungu. Deni la benki hubaki kwa benki na mahakama, na huendelea kukatwa kwenye mshahara wa kila mwezi.