Bomba la Maji Lilipokuwa Waya wa Ardhi

Najua niliahidi kuendelea na mambo ya hifadhidata, lakini wiki jana stima ilinirusha bafuni na tangu hapo sijafikiria kitu kingine. Nilishika mfereji, mkono umelowa, nikajikuta nimegonga ukuta. Nilipofuata waya za ile shawa ya kuchemsha maji, nikakuta fundi ameufunga waya wa ardhi (ule wa kijani na manjano) kwenye bomba la maji. Bomba lenyewe ni chuma kipande kifupi tu, halafu ni plastiki mpaka kwenye tangi!

Nilimtukana yule fundi kimoyomoyo. Baadaye nikasoma historia, hasira ikapungua. Alikuwa akifuata desturi ya miaka mingi.

Mwaka 1838 huko Ujerumani, Carl August von Steinheil aligundua kwamba simu ya maandishi haihitaji waya wa pili. Ardhi yenyewe inaweza kurudisha mkondo. Stima ilipoingia majumbani, wahandisi walihitaji ardhi kwa sababu nyingine: waya ukigusa bati la mashine, umeme upate njia rahisi ya kwenda, fyuzi iungue kabla hujaigusa wewe.

Hapo ndipo bomba lilipopendwa. Piga hesabu. Fimbo ya shaba ukiipigilia kwenye udongo mkavu inaweza kuwa na ukinzani wa omu 50. Gawanya volti 240 kwa 50, unapata ampea 4.8. Fyuzi ya ampea 13 haitajua kuna hitilafu, na bati litabaki na umeme siku nzima. Lakini mabomba ya chuma ya mji mzima, yamezikwa kilomita na kilomita, yanaweza kukupa omu 2. Hiyo ni ampea 120, na fyuzi inakufa papo hapo. Tena ni bure, kampuni ya maji imeshachimba mtaro!

Sisi watengenezaji programu tunaujua ugonjwa huu. Unategemea kazi ya mtu mwingine ambaye hajui kwamba unamtegemea, halafu siku moja anaibadilisha.

Watu wa maji wakaibadilisha. Plastiki haishiki kutu na ni nyepesi kubeba, basi chuma kikaanza kung'olewa kipande kwa kipande, na nyumba zikapoteza ardhi yake bila taa hata moja kuzimika. Uingereza ilikataza mwaka 1966 kutegemea mabomba ya umma ya maji au gesi kuwa ardhi pekee ya nyumba. Marekani nayo, mwaka 1978, ikataka bomba la maji liongezewe kiungo kingine cha ardhini. Sisi Kenya, ambako stima ilifika Mombasa na Nairobi mwaka 1908, tulirithi kanuni za Waingereza pamoja na soketi zao za pini tatu. Desturi ya fundi haikusubiri toleo jipya la kitabu.

Lakini msichanganye mambo mawili. Bomba la chuma linaloingia nyumbani bado huunganishwa na ardhi ya nyumba. Haliunganishwi ili liwe njia ya kupeleka umeme udongoni, bali ili bomba na bati la jiko viwe na volti sawa. Ukivishika vyote kwa pamoja, hakuna tofauti ya kusukuma mkondo kifuani mwako. Ndege hukaa kwenye waya mmoja kwa sababu hiyo hiyo. Toleo la kanuni za Uingereza la 2018 linasema bomba lenye kipande kisichopitisha umeme pale linapoingilia nyumba halilazimiki kuunganishwa.

Kwangu, fundi wa pili amevuta waya wa ardhi kutoka kwenye shawa hadi kwenye kabati la fyuzi, akapigilia fimbo nje na kuipima. Kisha akaweka swichi inayolinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi. Tofauti ikifika miliampea 30, inakata. Kile kipande cha chuma amekitoa kabisa. Mwenye nyumba amekubali kulipa nusu. Hiyo nusu nyingine bado tunabishana.