Majina ya Binti Zetu na Sababu za Kuenea Kwake

 

Ndugu Waislamu wa Rusizi, aghalabu akika ya mtoto wa kike haikosi mashindano. Baba ataka binti aitwe jina la mama yake mzaa baba. Mama ataka jina jipya alilolisikia katika simu, naye husema kwamba jina la bibi limekwisha zama zake, na hili jipya ndilo litakaloenea. Maneno hayo yamevunja furaha ya nyumba si moja. Kwa hiyo katika kitabu hiki cha ukumbusho nimeona vema tuitazame historia, tujue kama mwanadamu aweza kubashiri jina litakaloenea na jina litakalofifia.

Tuanze na zama za Mtume (S.A.W.). Palikuwa na jina Barra, maana yake mwema, mcha Mungu. Kwa uzuri wa maana ni majina machache yaliyolishinda. Lakini Mtume aliona kwamba ndani yake mna mtu kujisifu, akalibadili: Barra binti Jahsh akaitwa Zainabu, na Barra binti al-Harith akaitwa Juwairiya. Leo akina Zainabu wamejaa duniani, ilhali Barra ni nadra kusikika. Tena, katika Qurani Tukufu mwanamke aliyetajwa kwa jina lake ni mmoja tu, naye ni Mariamu. Bibi Hadija, Bibi Asha na Bibi Fatuma hawakutajwa kwa majina yao, na hata hivyo hakuna mtaa wa Waislamu yasikosikika majina hayo. Hapa twajifunza kwamba uzuri wa maana pekee haulienezi jina. Hulieneza heshima ya aliyelichukua.

Kinyume chake, jina lililofungwa katika hali ya wakati hufa pamoja na hali ile. Mwimbaji mashuhuri wa Unguja, Siti binti Saad, aliyezaliwa karibu na mwaka 1880, wazazi wake walimwita Mtumwa. Utumwa ukapigwa marufuku Unguja mwaka 1897, na yeye mwenyewe akajulikana kwa Siti, yaani bibi mwenye heshima. Ni mzazi gani leo angemwita bintiye Mtumwa?

Sasa tuje kwetu. Wanyarwanda walikuwa na desturi yao kabla ya dini hii kufika. Baada ya siku nane watoto wa jirani waliitwa, wakala, kila mmoja akataja jina, kisha baba akatoa jina lake. Jina hilo lilikuwa la mtoto mwenyewe, wala si la ukoo. Na mengi yalikuwa maneno kamili yenye habari ndani yake, kama Uwimana, wa Mungu, au Uwamahoro, wa amani. Uislamu ulipokuja na akika ya siku ya saba, wenyeji hawakuona jambo geni sana. Wakaliweka jina la dini ubavuni mwa jina la Kinyarwanda, na mtoto akayachukua yote mawili.

Majina ya dini yalikuja na watu wa Kiswahili. Walikuwako wafanyabiashara wa pwani na wa Ujiji, na askari na wapagazi waliofuatana na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19. Richard Kandt alikaa Shangi, karibu na ziwa la Kivu, kabla ya kuanzisha Kigali mwaka 1907; na mwaka 1913 ulijengwa msikiti wa Nyamirambo. Majina hayo yalipokelewa kwa masikio kabla ya kusomwa vitabuni, ndiyo sababu yakavaa nguo ya Kiswahili: Hadija, Asha, Fatuma, Zaituni, na Mwajuma kwa aliyezaliwa siku ya Ijumaa.

Wabelgiji walipoingia mwaka 1916, shule nyingi zikawa mikononi mwa misheni, na mtoto mwenye jina la Kiislamu aliukuta mlango wa elimu ni mwembamba. Kama mtu wa siku zile angeulizwa, angebashiri kwamba majina haya yatakwisha. Hayakuisha. Mwaka 1964, miaka miwili baada ya uhuru, Waislamu wa Rwanda waliunda jumuiya yao. Vijana wakaenda kusoma katika nchi za Kiarabu, wakarudi na matamshi ya vitabuni. Hadija akaandikwa Khadija, Asha akawa Aisha. Na baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, watu wengi waliingia katika dini, na wanawake wazima wakajichagulia majina. Basi nguo ilibadilika, mwili ukabaki ule ule.

Hao wanaotumaini jina jipya la wimbo au la sinema, na wawatazame Wamarekani, ambao serikali yao huhesabu majina ya watoto. Jina Mary, ndilo Mariamu, lilikuwa la kwanza kwa wasichana miaka mingi. Wimbo mmoja ukalipandisha jina Linda, likashika nafasi ya kwanza mwaka 1947 hata 1952. Mwaka 1953 Mary akarudi mahali pake, na Linda akazidi kushuka. Hata Mary naye akaondoka mbele mwaka 1962. Yakini, kipimo cha mwaka mmoja si kipimo cha kizazi.

Sisi tu wachache. Katika sensa ya mwaka 2022 Waislamu walikuwa karibu asilimia 2 ya watu wa Rwanda. Katika watu wachache, mwalimu mmoja mpendwa wa madrasa au mkunga mmoja mwema aweza kulijaza jina lake mtaa mzima. Kwa hiyo tarehe ya kuenea jina haijaandikwa mahali tuwezapo kuisoma; ila dalili tunazo tatu. Je, jina lina mtu wa kuheshimiwa nyuma yake? Je, bibi yake mtoto aweza kulitamka? Je, maana yake itabaki njema hali za leo zikipita?

Nawasihi wazazi wasigombane. Baba na mama wapatane, jina la bibi liweza kuwa la kwanza na jipya likafuata, kama wazee wetu walivyoyaunganisha majina mawili. Na kila msikiti wa wilaya yetu uweke daftari ya akika, tarehe na jina, ili watakaokuja miaka 50 baadaye wasibashiri, bali wasome. Binti naye afunzwe vema, maana yeye ndiye atakayelipa jina lake thamani.

Mwenyezi Mungu awajaalie binti zetu majina mema na mwisho mwema. Amin.